Huyo si kambale, tazameni mkia

Mhariri,

Picha ya mvuvi wa Matema iliyotoka kwenye ukurasa wenu wa uvuvi wiki iliyopita ni nzuri, ila maneno yaliyo chini yake yamempa samaki jina la mwenzake. Mmeandika "kambale mkubwa wa Ziwa Nyasa". Mkia wa samaki yule una panda mbili. Mkia wa kambale ni wa duara. Aliyebebwa begani pale ni yule ambaye wenzetu wa Malawi humwita kampango. Mimi hununua samaki Kyela na kuwauza Mbeya mjini, hao wawili hupita mikononi mwangu kila siku ya soko.

Kinachowachanganya watu nakijua. Wote hawana magamba, wote wana ndevu jozi nne, na wakikua hukaribia mita moja, kambale hata kuipita. Sasa tazama mgongo. Kambale ana pezi moja laini linaloanzia karibu na kisogo na kwenda karibu mpaka mkiani. Kampango ana pezi fupi lenye mwiba mbele, halafu nyuma yake pezi jingine refu la nyama tupu. Akishakaushwa kwa moshi, pezi hilo husinyaa na mkia huvunjika, ndipo wauzaji wengine wanapowatia wote fungu moja. Hapo pitisha kidole mgongoni utafute ule mwiba. Akiwa hai kwenye beseni, usijisumbue, huyo ni kambale: juu ya matamvua ana kiungo chenye matawi kama kolifulawa kinachomwezesha kuvuta hewa. Kampango hafiki hata Tukuyu akiwa mzima.

Pezi la nyama peke yake lisiwadanganye. Ziwa Tanganyika lina ndugu wa kambale, kwa jina la kitaalamu Heterobranchus longifilis, ambaye analo pia, lakini mkia wake ni wa duara. Na wasomaji wa Iringa wanaokula samaki wa Mtera wanaye kitoga, ndugu wa kampango, mwenye mkia wa panda vilevile. Kuna na wale wa kina kirefu Nyasa, jamii ya Bathyclarias, wanaofanana mno na kambale. Kuwapambanua hao ni kazi ya kufungua vichwa, haifanyiki kwenye meza ya soko.

Mtasema samaki ni samaki, mradi mchuzi umekolea. Mwaka 2018 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimweka kampango kwenye kundi la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, naye kwa asili haishi kwingine ila ziwa hili na maji yaliyoungana nalo. Kambale yumo karibu Afrika nzima, mpaka kwenye mabwawa ya kuchimba nyuma ya nyumba. Wote wawili wakiandikwa "kambale" kwenye daftari la mwaloni, pale samaki wanaposhushwa kutoka ziwani, kampango anaweza kupungua mwaka hadi mwaka na hesabu isionyeshe chochote, kwa kuwa kambale atakuwa amejaza nafasi yake.

Hata uzazi wao ni mbali kabisa. Kambale hutaga kwenye majani yaliyofunikwa na maji ya mafuriko, akaondoka zake. Kampango, baba na mama, hukaa kwenye kiota walichokichimba chini na kulinda watoto. Mama huwatagia mayai ya kula na baba huwaletea wadudu wa majini. (Wazazi wa namna hiyo hata kwa binadamu si wengi.) Kokoro likiburutwa juu ya kiota kile, limezoa familia nzima, na kokoro ni haramu kisheria tangu zamani.

Ninaomba mambo mawili. Sahihisheni jina lile katika toleo lijalo. Halafu mpiga picha wenu akirudi Matema, amwombe mvuvi amlaze samaki ubavu, mapezi ya mgongoni yakiwa yamenyooshwa na mkia wote ukiwa ndani ya picha, badala ya kumkata mkiani ili uso wa mvuvi upate nafasi. Safari hii panda moja ilikuwa nusu nje ya fremu.

Muuza samaki,
Kyela