"Karibu" ya hoteli ni ya miguu au ya treni?

Mhariri,

Mimi ni mfuga nyuki wa Itigi, wilayani Manyoni. Mwaka jana binti yetu alihitimu masomo Uingereza, nasi wazazi tukafunga safari kwenda mahafali. Mke wangu alikuwa na ombi moja tu: akifika London aione Madame Tussauds, nyumba ya sanamu za nta. Hata mimi nilitamani. Nta naijua tangu kwenye mzinga, naichemsha na kuichuja kwa kitambaa, lakini sijawahi kuiona ikivaa suti.

Kazi ya kutafuta hoteli nilimpa mpwa wangu wa Dodoma, ambaye simu haimtoki mkononi. "Mjomba, nimepata. Karibu na Madame Tussauds, dakika 15." Tukalipa kabisa, pesa isiyorudishwa.

Hoteli ilikuwa Wembley. Zile dakika 15 zilikuwa za treni, tena zinahesabiwa ukishakuwa umeketi ndani yake. Kutoka kitandani hadi stesheni ya Wembley Park tulitembea nusu saa, maana mke wangu ana magoti mabovu, na mvua ilikuwa ikinyesha. Treni yenyewe sina ugomvi nayo: ilisimama Finchley Road tu, mara tukafika Baker Street. Ila tiketi zetu za kuingia zilikuwa za saa nne asubuhi, na saa nne ilitukuta bado tunakokotana barabarani. Kilichotuponza si uongo hasa. Tangazo lilisema karibu, nasi hatukuuliza karibu kwa chombo gani.

Binti yetu ndiye aliyenifungua macho. Madame Tussauds ipo Marylebone Road, hatua chache tu kutoka stesheni ya Baker Street. Hoteli za mtaani hapo na za Gloucester Place unakwenda kwa miguu, lakini bei zake utauza mizinga. Asiye na uwezo huo asihesabu maili, ahesabu vituo. Baker Street inapitiwa na njia tano za treni ya chini ya ardhi. Ukilala Paddington, ni kituo cha pili. Ukilala King's Cross, ni cha tatu, na kote huko hubadilishi treni. Sussex Gardens, jirani na Paddington, kuna vihoteli vingi ndani ya nyumba za kale zilizoshikana. Hapo uliza lifti kabla ya kuuliza chai, maana nyingi ni ngazi tupu, na chumba cha bei nafuu mara nyingi ndicho cha juu kabisa.

(Treni zilianza kupita Baker Street mwaka 1863. Reli yetu ya Kati ilianza kujengwa 1905. Wenzetu wana haki ya kupima mji wao kwa vituo.)

Sanamu zenyewe? Nywele huchomekwa unywele mmoja mmoja, na mke wangu alimwamkia mama mmoja mara mbili kabla hajatambua kwamba haitikiwi. Marie Tussaud alifungua maonyesho yake mtaa wa Baker Street mwaka 1835, akiwa na zaidi ya miaka 70. Umri huo kwetu watu wanagawa mashamba.

Ombi langu, Mhariri: mnapoandika habari za safari, tajeni jina la stesheni, dakika za kutembea kwa mtu mzima mwenye begi, na kama kuna lifti. Ugonjwa huu hata sisi tunao. Wakati wa Bunge la bajeti nimewahi kuchukua chumba Dodoma kwa tangazo la "karibu na Bunge", bodaboda ikanishusha Nkuhungu. Nkuhungu ni pazuri, kwa nini wasiandike Nkuhungu?

Sasa najiandaa kuleta asali kwenye Nane Nane, Nzuguni. Juzi nilipiga simu gesti moja, dada wa mapokezi akaniambia, "Baba, sisi tuko karibu kabisa na viwanja." Nikamuuliza, kwa miguu au kwa bodaboda? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa bajaji."

Mfuga nyuki,
Itigi, Manyoni