Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama, pamoja na lile suala la lebo

Wanachama wenzangu wafungashaji wa dagaa, habari za majukumu. Shughuli za kawaida mnazijua, vichanja vimeongezwa, mafunzo ya usafi yamefanyika, paa la stoo ya Kirumba limezibwa, sitawachosha. Mapato ya mwaka 6,840,000, matumizi 5,910,000, risiti zote ziko kwa mweka hazina.

Sasa hili mnalolisema pembeni. Kampuni moja kubwa ya viungo vya supu ilituletea barua ya wakili kwamba mtumbwi wenye tanga kwenye pakiti zetu ni alama yao, tuuondoe ndani ya siku 14 na fidia tulipe. Mtumbwi jamani! Nenda mwaloni alfajiri uone mitumbwi ilivyojaa. Wa kwao ni mwekundu umejaa pakiti nzima, wetu mchoro mdogo wa wino mweusi na chini yake MWANZA kwa herufi kubwa. Wengine mkasema tubadilishe lebo yaishe, mimi nikakataa, kamati ikaniunga mkono, tukamlipa wakili 2,500,000 na mpaka leo nasema tulifanya sahihi. Kwenye alama za biashara swali ni kama mnunuzi atachanganya bidhaa, siyo nani ana hela. Hawa wakubwa wanajua kesi ni gharama kwa hiyo wanategemea mdogo aogope barua tu. Kule Malaysia McDonald's waliishtaki restoranti ya McCurry mwaka 2001 kisa hizo herufi za mbele "Mc", 2006 McDonald's wakashinda, McCurry wakakata rufaa na 2009 wakashinda wao mpaka mahakama ya juu kabisa. Sisi tukifuta mtumbwi leo kesho watadai na samaki.

Wakili alijibu, na hadi sasa hawajaenda mahakamani. Maombi ya kusajili lebo yetu kama alama ya biashara yapo BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, niliyajaza mwenyewe usiku baada ya kazi na bando langu. Yakitangazwa anayepinga ana siku 60, yakipita tunalindwa miaka 7 halafu tunahuisha.

Kinachoniuma ni ada. Tuko 64, waliomaliza kulipa 21. Mkutano wa Septemba tulikuwa 17, na wanaolalamikia hela ya wakili wengi hawakutokea, sasa mimi nijibu nani?

Mwakani Mungu akijalia tutafute mashine ya kufungashia na soko la nje ya mkoa. Wenye madeni ya ada wamuone mweka hazina.