Timu Imeshajaa, Ada ya Nini?

Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo wa Jimbo la Ontario, Kanada

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KUTOZA ADA YA MAJARIBIO YA HOKI KWA NAFASI ZISIZOKUWEPO

Baada ya salamu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nataka wazazi wenzangu waisome barua hii kabla yako, wale tunaokaa pamoja tukitetemeka kwenye majukwaa ya viwanja vya barafu kutoka Scarborough hadi Brampton. Wizara yako haikosi watafsiri.

Ombi langu ni moja, na naliweka huku juu kwa kuwa najua barua ndefu zinavyosomwa maofisini. Klabu yoyote ya hoki ya barafu ya vijana inayofanyia majaribio kwenye uwanja uliojengwa kwa kodi zetu itakiwe kutangaza, kabla ya kupokea hata senti, ina nafasi ngapi zilizo wazi. Makipa wangapi, mabeki wangapi, washambuliaji wangapi. Basi.

Kwa wasomaji wasioujua mchezo huu, nieleze kidogo. Hoki ya watoto huku imegawanywa kwa umri na kwa daraja, na daraja la juu kabisa linaitwa AAA. Timu ya AAA husajili watoto wapatao 17: makipa wawili, mabeki sita, washambuliaji tisa. Msimu ukiisha mwezi Machi, Aprili inaingia na majaribio, na timu inaundwa upya kana kwamba ya mwaka jana haikuwepo. Hapa Toronto na vitongoji vyake ligi kubwa ya watoto ni GTHL, iliyoanza mwaka 1911, na klabu zake zina majina ambayo watoto wanayajua kuliko majina ya shangazi zao. Connor McDavid, nyota wa NHL, ligi kuu ya kulipwa, alipita Toronto Marlboros. Mitch Marner, nyota mwingine wa NHL, alipita Don Mills Flyers. Mzazi akishasikia hayo, na mtoto wake anateleza vizuri, mkono unakwenda wenyewe kwenye kadi ya benki.

Majaribio yenyewe, Mheshimiwa, sijui kama umewahi kuyaangalia ukiwa mtu wa kawaida asiyekaribishwa chai. Mtoto analipiwa mtandaoni wiki kadhaa kabla. Akifika anapewa fulana nyembamba yenye namba, anaivaa juu ya pedi zake, na kuanzia hapo hana jina. Saa ya barafu si saa kamili, ni dakika 50, kwa sababu zinazobaki ni za Zamboni, mashine ya kusawazisha barafu. Ndani ya dakika hizo watoto wanakimbizwa, wanapiga pasi, wanacheza watatu kwa watatu, na huko juu nyuma ya kioo watu kadhaa wenye karatasi wanaandika. Usiku namba zinawekwa mtandaoni. Aliyeachwa haambiwi chochote. Anajua kwa kutoiona namba yake. Mwanangu ni beki, na nimewahi kumkuta anaipitia orodha ile kutoka chini kwenda juu, halafu juu kwenda chini, kana kwamba namba ingeweza kuwa imekaa vibaya.

Hilo la kuachwa silalamikii. Michezo ina kuachwa, na mtoto asiyejifunza kuachwa akiwa na miaka 12 atajifunza kwa gharama kubwa zaidi baadaye. Ninacholalamikia ni mabegi.

Kila klabu ya AAA ina begi lake: kubwa, lina nembo, lina namba ya mchezaji imeshonwa ubavuni. Ukitaka kujua timu imeshajaa au bado, usiangalie barafu, angalia mabegi yanavyoshuka kwenye magari. Klabu moja, ambayo sitaitaja wala si miongoni mwa nilizozitaja hapo juu, ilitukaribisha kwenye siku yake ya kwanza ya majaribio. Tukiwa tunaegesha gari, akashuka kijana mmoja ambaye hadi Machi alikuwa akichezea watani wao wa jadi. Mgongoni ana begi jipya la klabu hii, namba imeshashonwa. Begi la namna hiyo haliagizwi leo likafika kesho. Mwanangu akanitazama, akaniuliza, "Mama, na huyu naye anajaribiwa?"

Sikuwa na jibu. Wewe unalo?

Mimi nimezaliwa Tanga, nimekulia kwenye ubishi wa Simba na Yanga, kwa hiyo utani wa jadi haunitishi. Ni raha ya michezo. Mechi ya mahasimu wawili wa hapa, watoto wa miaka 13, inaweza kukufanya usimame kwenye kiti usijue umesimama saa ngapi. Ila kule kwetu wanaogombewa na wenye klabu ni watu wazima wenye mikataba na mishahara. Hapa anayegombewa ana kazi ya hesabu ya kuwasilisha kesho asubuhi, na anayelipa ni mama yake.

Na utani huo ndio unaoyaua majaribio. Kocha anaogopa kwamba wapinzani wake watamchukulia beki wake bora, basi anawahi. Mzazi wa beki anaogopa kwamba akisubiri Aprili atakosa kote kote, naye anawahi. Wanakutana Januari kwenye maegesho ya magari, au kwa simu, au kupitia mzazi wa tatu ambaye kazi yake majukwaani ni hiyo tu. Wanapeana neno. Kocha akihamia klabu ya pili anaondoka na washambuliaji wake watatu wa mstari wa kwanza, na timu aliyoiacha inalazimika kwenda kuchukua watatu kwingine, na huko walikochukuliwa nako kunabaki pengo. Yote haya yanaendelea wakati msimu haujaisha na watoto bado wanavaa jezi za klabu wanazoziaga. Shinikizo linazidi kadiri watoto wanavyoukaribia mwaka wa kutimiza 16, kwa sababu ndio mwaka ambao klabu za OHL, ligi ya juu ya vijana ya Ontario, huchagua wachezaji, na kila mtu anataka mwanawe aonekane kwenye timu inayoshinda.

Simlaumu kocha kwa kujua anamtaka nani. Amewaona watoto wote wa rika hilo majira yote ya baridi. Akijifanya hajui tutamcheka. Timu ikijaa Januari, ijae. Lakini basi aseme. Asitangaze majaribio ya wazi kwa nafasi 17 wakati anatafuta kipa mmoja wa akiba, halafu akawatoza watoto 40 ili wawe wapinzani wa mazoezi kwa wale walioshapata.

Utaniambia ada yenyewe si kubwa. Kweli, ukiilinganisha na mengine si kubwa. Fimbo moja nzuri inapita dola 300 na inaweza kukatika kwenye mechi ya kwanza. Viatu vya barafu vya daraja hilo vinapita 1,000, na mguu wa mtoto haujui bei. Ada ya msimu ni maelfu. Lakini tazama ni nani anayelipa hii ndogo bure. Mzazi aliyecheza mchezo huu utotoni, ambaye shemeji yake ni kocha msaidizi mahali fulani, anapigiwa simu na kuambiwa, "Msihangaike kwetu mwaka huu, tumejaa." Anaokoa fedha na, kubwa zaidi, anaokoa moyo wa mwanawe. Hiyo simu mimi sipigiwi. Wala Mghana wa jirani yangu, wala Mfilipino ambaye bintiye ni kipa hodari kuliko wavulana wengi niliowaona. Sisi tunasoma tangazo, tunaliamini kama lilivyoandikwa, tunalipa klabu mbili au tatu ndani ya wiki moja, kwa kuwa mahasimu wote hufanya majaribio yao siku zilezile. Tangazo lisilo na hesabu ya nafasi linawatoza wale tu wasio na mtu wa kuwanong'oneza.

Kuna jambo jingine hapo, na wataalamu wa Kanada walilisema zamani. Mwaka 1985 mwanasaikolojia Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba wachezaji wa hoki ya juu waliozaliwa Januari hadi Machi ni wengi mno kuliko waliozaliwa miezi ya mwisho wa mwaka. Sababu ni tarehe ya kugawia umri, 1 Januari: aliyezaliwa wiki ya kwanza ya mwaka na aliyezaliwa wiki ya mwisho wanapimwa pamoja. Wangu ni wa Desemba. Ndani ya dakika 50, mtu aliye nyuma ya kioo ambaye hamjui mtoto huona kimo na upana wa mabega. Akili ya kucheza huonekana kwa kumwangalia mara nyingi. Sasa nafasi zikibaki mbili na wanaozigombea ni arobaini, mdogo wa mwili ataponea wapi? Angalau ajue ni mbili, aamue mwenyewe kama anakwenda.

Wapo watakaokwambia dawa ni kurudisha mipaka, kila mtoto acheze anapoishi. Tahadhari. Nchi hii imeshawahi kujaribu kumfunga mtoto mahali. Wayne Gretzky, ambaye wengi humwita mchezaji bora wa hoki wa nyakati zote, alipokuwa na miaka 10 alifunga mabao 378 kwa msimu mmoja mjini kwao Brantford, Ontario, na wazazi wa mji wake, watu wazima wenye akili zao, wakawa wanamzomea. Mwaka 1975, ana miaka 14, akahamia Toronto ili apumue. Wakuu wa mchezo wakamkatalia kucheza na rika lake kwa hoja ya makazi, ikabidi acheze daraja B la vijana pamoja na waliokuwa wakikaribia miaka 20. Yeye alikuwa Gretzky, akavuka. Wangapi wangevuka?

Hata hivyo, mipaka nayo ina sura nyingine, na haiko mbali. Nenda Minnesota, Marekani. Kule watoto wengi huchezea chama cha mji wao, kisha shule ya sekondari ya mji wao, na fainali za shule zilizoanza 1945 hujaza uwanja wa St. Paul kwa maelfu. Roseau na Warroad, miji midogo ya mpakani na Kanada, ni watani wa jadi kwelikweli, na utani wao hauhitaji kununua mtoto wa mtu, kwa sababu anayetoka Roseau ni wa Roseau. Jimbo hilo halijawahi kupungukiwa wachezaji wa NHL. Sisemi tuige kila kitu. Toronto ni jiji la mamilioni na watu wanahama kila mwaka, kuanzia mimi. Nasema tu kwamba soko hili la Januari si sheria ya maumbile.

Na usiniambie kwamba serikali haina mkono kwenye mambo ya vyama vya michezo. Inao. Baada ya Rowan Stringer, binti wa miaka 17, kufariki mwaka 2013 kwa majeraha ya kichwa aliyoyapata akicheza raga, bunge la jimbo hili lilipitisha Sheria ya Rowan mwaka 2018. Tangu mwaka 2019 hakuna mzazi wa mchezaji kijana Ontario asiyetakiwa kuthibitisha, kabla ya msimu, kwamba amesoma maelezo kuhusu mtikisiko wa ubongo. Nimetia sahihi fomu hiyo mara nyingi na sijamsikia kocha akilalamika kuwa hoki imekufa. Kutangaza idadi ya nafasi ni mstari mmoja kwenye ukurasa wa usajili. Viwanja vingi vya barafu ni vya manispaa, na saa za barafu hukodishwa kwa masharti tayari: bima, usalama, muda wa kuondoka. Ongezeni sharti hili. Anayesema uongo kuhusu nafasi zake arudishe ada zote na apoteze saa zake za barafu za Aprili inayofuata. Kwa klabu, hilo la pili litauma kuliko faini, kwa sababu saa hizo zitachukuliwa na watani wake.

Kama wizara ina nguvu ya kwenda hatua moja mbele, kocha awajibike pia kumwandikia kila mtoto aliyelipa sentensi mbili: nini amekiona kizuri, nini akafanyie kazi. Ila hilo ni la ziada, na sitaki lilimeze lile la kwanza.

Klabu hufungua fomu za majaribio majira ya baridi, muda mrefu kabla ya Aprili, kwa hiyo tamko lako la kuweka sharti hili likichelewa hadi masika litakuwa limewakuta wazazi wameshalipa. Naomba litoke kabla ya Krismasi. Niko tayari kuja Queen's Park, kwenye bunge la jimbo, siku yoyote isiyokuwa Jumanne wala Alhamisi, kwani jioni hizo tunakuwa mazoezini, na wazazi wenzangu kadhaa wako tayari kuja na risiti zao.

Wako katika kujenga michezo,

Mama wa beki
Scarborough, Ontario