Alikuwa Mwoga, Sasa Anarukia Kila Mtu: Mbwa wa Kuokolewa Anapozidi Kiherehere

Simu tunazopigiwa sisi wafunza mbwa kutoka Milimani, Tom Mboya, Mamboleo na Riat hapa Kisumu siku hizi zinafanana. Mwenye mbwa anaanza kwa kumsifu: alipookotwa alikuwa akishinda chini ya gari, hali chakula mpaka watu wote waingie ndani, ukiinua ufagio anajikojolea. Sasa amechangamka, anacheza, analala mlangoni. Halafu sauti inashuka kidogo. Anawarukia wageni. Amemwangusha mtoto wa jirani. Dada akianika nguo, anamvuta mkono wa sweta kwa meno. Kamba ikiguswa tu pale ilipotundikwa, nyumba nzima haikaliki.

Na swali ni lile lile: tumemdekeza?

Hapana. Mlimfanyia lililomfaa wakati ule. Mbwa aliyepigwa mawe sokoni hatoki chini ya gari kwa amri, anatoka kwa kubembelezwa. Kila alipothubutu hatua moja alipata nyama, akaitwa jina lake kwa furaha, akakumbatiwa. Akajifunza kwamba kuwasogelea watu kunalipa, na kuwasogelea kwa kishindo kunalipa zaidi. Ambacho hakuna aliyemfundisha ni namna ya kutulia akishafika. Hilo ni somo jingine, na ndilo tunaloitiwa.

Kuna jambo wateja wengi huwa hawalitarajii. Woga na msisimko vinatumia mwili ule ule: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, adrenalini inapanda, akili ya kusikiliza inapungua. Kwa hiyo mbwa anayeruka si lazima awe mbwa aliyepona. Mara nyingi ni mbwa ambaye zamani hofu ilimfanya ajifiche na sasa inamfanya arukeruke.

Tazameni mwili wake, msitazame mkia peke yake. Mkia unaotingishwa ukiwa juu na umekakamaa si sawa na ule unaopepea chini pamoja na kiuno kizima. Angalieni kama analamba midomo bila chakula, anapiga miayo katikati ya shughuli, masikio yamelala nyuma, weupe wa macho unaonekana pembeni. Riat kuna mbwa mmoja wa rangi ya kahawia, sikio moja limechanika, ambaye wenyeji wake walituambia anawapenda sana watu wa bodaboda. Tulikaa verandani tukamtazama. Pikipiki ikaleta unga. Akakimbia mpaka getini, akamrukia kijana kifuani, akarudi nyuma, akaruka tena, akarudi tena. Pikipiki ilipoondoka alijikung'uta kana kwamba ametoka majini, akaenda kunywa maji kwa muda mrefu, kisha akajilaza nyuma ya tangi. Mbwa anayefurahia mgeni hafanyi hivyo. Huyu alikuwa anataka kumjua yule kijana na kumkimbia kwa wakati mmoja. Kwa mbwa wa namna hii, kusalimiana na kila anayeingia ni mzigo. Ana haki ya kutosalimia mtu.

Kipimo kingine ni chakula. Mpe kipande cha kitu anachokipenda mkiwa peke yenu, kisha mpe tena mgeni akiwa amesimama getini. Akikichukua kwa meno yanayoparuza vidole, msisimko umeanza kupanda. Akikikataa kabisa, ameshapita mahali pa kufundishika, na hapo usimwambie neno. Mwondoe tu, umpeleke mbali kidogo mpaka aweze kula tena. Ni kama maziwa jikoni: moto unapunguzwa yanapoanza kutoa povu pembeni, si yakishamwagika.

Ukumbuke pia kwamba msisimko hujikusanya. Sisi wa kando ya ziwa tunajua mvua ya alasiri na radi zake. Mbwa aliyetetemeka saa kumi jioni kwa sababu ya radi, mwili wake hautulii mara mawingu yakipita. Huchukua saa kadhaa, wakati mwingine hadi kesho yake. Mgeni akifika saa moja usiku, anapokewa na mbwa ambaye tayari amejaa. Ongeza disko matanga ya jirani usiku kucha, na fundi anayekata vyuma mtaa wa pili. Siku kama hizo hatufundishi. Tunafunga mlango, anapewa kitu cha kutafuna, basi.

Usingizi nao. Mbwa mzima huhitaji kulala saa 12 hadi 14 hivi kwa siku, akijumlisha vipande vya mchana na usiku. Sasa mfikirieni mbwa anayefunguliwa usiku kulinda, kisha mchana kutwa anachezewa na watoto waliofunga shule. Anayeonekana ana nguvu nyingi huenda ni mchovu wa kupindukia, kama mtoto anayelia kwa usingizi huku akikataa kulala. Mtafutieni pembe ambayo hakuna anayemgusa, na watoto walijue hilo.

Hapa ndipo tunapotofautiana na ushauri wa mtaani, ule wa "mchosheni". Watu wanarusha mpira mpaka mkono unauma, mbwa anahema, kesho anataka mara mbili zaidi. Kurusharusha mpira kunamjengea pumzi na kumzoesha kuishi akiwa amepagawa. Afadhali matembezi ya kunusa: alfajiri kabla jua la Kisumu halijakolea, hanesi ya kifuani badala ya ukanda wa shingoni, kamba ndefu ya mita 5 hadi 10 mahali palipo wazi, na yeye ndiye anayechagua kichaka cha kunusa. Pua ikifanya kazi, mwili unatulia. Siku ambayo hamwezi kutoka, tawanyeni chakula chake kwenye nyasi za uani akitafute. Nusu saa ya kutafuta hivyo inaweza kumlaza kuliko mpira wa saa nzima.

Kuhusu zawadi, hatuuzi biskuti za mbwa na wala hamzihitaji. Tuna omena, dagaa wa ziwani. Nendeni soko la Kibuye mkanunue iliyokauka vizuri, ichambueni mchanga, ioshwe, ikaangwe kwenye sufuria kavu bila mafuta wala chumvi, iwekwe kwenye kopo lenye kifuniko. Ni ndogo, inanuka anavyopenda yeye, na mkono unaweza kuitoa moja moja. Ila isiwe ile ya jana iliyobaki mezani: vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu damu ya mbwa. Na kinacholiwa kwenye mafunzo kipunguzwe kwenye sahani ya jioni, maana tumeshaona mbwa wakitulia huku wakinenepa.

Sasa lile la kuruka. Mfungeni kamba kabla mgeni hajaingia, si baada. Mgeni asimame mbali, mikono chini, asimtazame machoni. Miguu yote minne ikiwa chini, omena inadondoka ardhini, katikati ya miguu ya mbele. Tunasisitiza ardhini kwa sababu ukiishika juu, pua inaifuata juu, kifua kinafuata pua, na wewe mwenyewe umemrusha. Akiinama kuokota, nyingine imeshadondoka. Akiruka, mgeni hasemi kitu, anarudi hatua mbili nyuma. Miguu ikishuka, anasogea tena. Ni kazi ya dakika 3 hadi 5, kisha kila mtu aende zake.

Kabla hajaacha kuruka, ataruka zaidi. Jambo lililokuwa likilipa likiacha kulipa ghafla, mbwa hujaribu kwa nguvu kabla ya kukata tamaa. Familia nyingi hushindwa hapo hapo: mtu anachoka, anamshika, anamwambia "haya, haya, inatosha", na mbwa anaelewa kwamba siri ilikuwa kuongeza bidii. Na ndiyo maana tunataka soja, mlinzi wa geti, awepo siku ya kwanza. Nyumba nzima ikifuata utaratibu halafu soja akamwachia amrukie kila saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu inamfurahisha, tutakuwa tunateka maji kwa tenga.

Somo la pili ni gunia. Tunatandika gunia la katani au leso kuukuu sebuleni, kimya. Akilikanyaga, omena. Akikaa, omena. Akilala na kuegemea nyonga moja, zinadondoka taratibu, na sauti yetu inashuka. Tukimaliza gunia linakunjwa na kuwekwa kabatini, lisije likawa zulia la kawaida. Baadaye ndipo tunaongeza sauti ya komeo la geti bila mtu, siku nyingine mtu bila sauti, siku nyingine vyote viwili. Jambo moja kwa wakati mmoja. Mbwa wengi wanalipenda gunia lao kiasi kwamba wakisikia geti wanalikimbilia wenyewe.

Goti la kifuani hatulitumii, wala kumkanyaga vidole, wala kumvuta kwa mnyororo, na mteja akisisitiza tunaaga. Si ulaini wa moyo. Mbwa huyu aliwahi kuamini kwamba binadamu ni wa kuogopwa. Ukimpiga goti anapokuja kukusalimia, unamthibitishia. Huenda akaacha kuruka kweli. Halafu anaanza kunguruma wageni wakija, akikemewa kwa kunguruma anaacha hilo pia, na siku moja anauma bila onyo.

Wazee wa nyumba hutuuliza kama mbwa mtulivu atalinda boma. Mbwa anayemrukia kila aingiaye kwa mapenzi halindi chochote, anapokea wageni. Kubweka geti likigongwa atabweka tu. Tunachomfundisha ni kunyamaza akishaambiwa asante.

Tunakuja nyumbani kwenu. Hatuchukui mbwa akae kwetu wiki mbili arudishwe "amefunzwa", kwa sababu atatulia kwetu, na tatizo liko kwenye geti lenu. Ziara ya kwanza hatumgusi. Tunaomba kuona kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hurudiwa kila mwaka, na tunauliza kuhusu minyoo, masikio na kujikuna, maana mbwa mwenye maumivu hana subira. Kama alibadilika ghafla, daktari wa mifugo aanze kabla yetu. Na katika kuvutana sweta meno yakichubua ngozi ya mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha mwende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wenu na mnampenda.

Hatuahidi siku ya kumaliza. Mbwa aliyekaa mitaani miaka miwili na yule aliyeokotwa akiwa mtoto hawaendi mwendo mmoja, na bei tunaitaja baada ya kujua umbali na idadi ya watu tutakaowafundisha, kwa sababu kwa kweli ndio wanafunzi wetu.

Mkitupigia, tutumieni kwanza video. Iwekeni simu mahali palipotulia, irekodi kuanzia geti linapogongwa mpaka mbwa alale chini mwenyewe, hata ikichukua muda mrefu. Msiite mgeni mpya kwa ajili ya kurekodi, watoto wawe ndani, na msimkemee ili aonekane mzuri. Kile kipande cha mwisho, baada ya mgeni kuondoka, msikikate. Ndicho tunachoanza kukitazama.