Jino lililozibwa zamani: kutazama, eksirei au leza, kipi cha kuamini?

Wateja wengi wakija na jino lililozibwa miaka ya nyuma swali huwa moja tu, daktari hii dawa iliyozibia jino bado nzima au itolewe? Wengine washaambiwa huko zitolewe zote zizibwe upya kisa zimeweka rangi pembeni. Jamani, rangi peke yake sio sababu ya kutoboa jino. Kila dawa ikitolewa na jino nalo linasagwa kidogo, shimo linazidi la mwanzo, ukirudia rudia mwisho tunaongelea kutibu mzizi au kung'oa kabisa. Ndo maana tunapima kwanza.

Tunaanza na macho. Jino linasafishwa, linakaushwa kwa upepo, taa na kioo kidogo, hapo tunaona kama dawa imevunjika, imeacha mwanya, au kuna kivuli cha kijivu chini ya ganda la jino. Ila kwenye dawa ya rangi ya fedha kivuli hicho kinaweza kuwa cha chuma chenyewe, sio kuoza. Kile chuma cha kupimia tunakipitisha taratibu, hatukikandamizi, na kikikwama ukingoni haina maana moja kwa moja kwamba jino limeoza.

Macho hayafiki katikati ya jino na jino, na huko ndiko dawa nyingi zinaanzia kuharibika, chini karibu na fizi. Hapo ni eksirei, ile unayong'ata kidude mdomoni na picha inaonyesha meno ya juu na ya chini kwa pamoja. Kuoza kunatoka kweusi, dawa ya fedha inatoka nyeupe pee kwa sababu ni zebaki karibu nusu yake, iliyobaki fedha, bati na shaba, mionzi haipiti. Sasa tatizo ni kwamba tundu likiwa upande wa shavu au wa ulimi linajificha nyuma ya huo weupe, picha inatoka safi na jino linaoza. Na kuna dawa za zamani za rangi ya jino ambazo kwenye picha zinatoka nyeusi kama tundu, asiyejua anatoboa jino ambalo halijaoza! Kwa hiyo picha bila kutazama mdomoni haitoshi, na kutazama bila picha pia haitoshi. Mionzi yake ni kidogo sana ila kama una ujauzito tuambie mapema.

Leza watu wanaiulizia sana. Inamulika mwanga mwekundu wa nanomita 655 halafu inakupa namba, 0 mpaka 99, ikiwa kubwa ndivyo inavyoashiria kuoza zaidi. Kwenye jino ambalo halijazibwa inasaidia, ila pembeni ya dawa namba inapandishwa na madoa, ugaga, hata dawa yenyewe. Kwetu namba ya leza peke yake haitoshi kutufanya tuondoe dawa kwenye jino la mtu.

Halafu kuna vipimo rahisi ambavyo hakuna picha inayovishinda. Tunagusisha pamba ya baridi kali kwenye jino, ukishtuka na maumivu yakaisha mara tu ikitolewa, mshipa wa ndani kwa kawaida uko salama. Yakibaki yanavuta hata baada ya kuitoa, hilo sio suala la kubadilisha dawa tu, ndani kumeshaathirika. Na kama unaumia ukitafuna tunakung'atisha kijiti cha plastiki kona moja moja ya jino, maumivu yakija pale unapoachia mara nyingi jino lina ufa, na ufa eksirei mara nyingi haiuoni.

Kama una picha za zamani njoo nazo hata zikiwa kwenye simu. Tunaweka ya zamani na ya leo pamoja, doa likiwa vilevile na jino haliumi mara nyingi tunasawazisha ukingo tu, au tunaziba palipomeguka bila kutoa dawa yote, kisha tunakupangia siku ya kuja kuangaliwa tena.