Mhariri, mgeni wa EVE Online asianze na batoshipu, aanze na meli ya kuvunjwa

Ndugu Mhariri, pole na kazi.

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana nimesoma ile makala yenu ya gemu za intaneti, ile sehemu ya EVE Online, gemu ya kuendesha meli za angani, nikaanza kwa kucheka nikamaliza nimenuna. Mwandishi wenu historia kaipatia, kwamba gemu iko hewani tangu Mei 2003, ni ya kampuni ya CCP ya Reykjavík kule Iceland, na kwamba ukiacha wachezaji wa China wenye seva yao, dunia nzima tunarundikana kwenye seva moja inaitwa Tranquility, kwa hiyo unayemwibia leo kesho mnakutana tena. Sawa kabisa. Ila alipofika kwenye ushauri kwa wageni ndo akaharibu, eti kwa kuwa gemu ni ngumu basi mgeni atoe hela mapema, anunue zile sindano za skili (zinamwongezea rubani ujuzi papo hapo), apande batoshipu, yaani meli kubwa ya vita, atawafikia wakongwe. Jamani jamani. Mtu akifuata hayo wiki mbili haziishi anaifuta gemu kwenye kompyuta, na hela ndo imeshaenda.

Naongea hivi kwa sababu nilishapita huko huko. Sindano sikununua lakini akili ilikuwa ile ile, kubwa ndo bora. Nikajibana miezi mitatu, nikanunua meli ya mizigo, nikapakia kila kitu nilichokuwa nacho, nikaweka otopailoti kuelekea Jita ambako ndo soko kuu, nikaenda kuoga. Nilikuwa nimeambiwa kwamba kwenye mifumo ya nyota yenye usalama wa kuanzia 0.5 hadi 1.0 kuna polisi wanaitwa CONCORD na hakuna mchezaji anayewaweza, nikajiona niko salama. Kumbe otopailoti haikufikishi mlangoni kwa geti la kuvukia mfumo mwingine, inakushusha kilomita kadhaa kabla, halafu unaanza kujikongoja kama kobe huku kila anayepita anachungulia umebeba nini. Narudi na taulo begani, meli hakuna, naona nimekaa ndani ya kile kiyai cha rubani, kapsuli, kinaelea peke yake katikati ya mabaki. Mfumo unaitwa Uedama, mkongwe yeyote ukimtajia anatabasamu. Vijana kama kumi na mbili na videstroya, vimeli vya vita vya bei chee, wamenifumua kwa sekunde chache, CONCORD wakaja kweli wakawavunja wote, na wao wala hawakujali, walishapiga hesabu ya hasara yao, mwenzao alikuwa pembeni na meli tupu anasubiri kuzoa mzigo. Siku hiyo ndo nikaelewa kitu ambacho kilitakiwa kiandikwe kwenye makala yenu mstari wa kwanza: CONCORD hawazuii uhalifu, wanauadhibu ukishatokea, na kadri namba ya usalama inavyoshuka ndivyo wanavyochelewa kufika. Chini ya 0.5 hawaji kabisa.

Sasa kuhusu kuwafikia wakongwe. Mgeni akikutana na mtu mwenye miaka kumi na tano kwenye gemu anakata tamaa kabla hajaanza, na ni kweli skili za EVE zinajifunza kwa saa za kawaida, ulale, uende kazini, uzime kompyuta, zenyewe zinaendelea kuhesabu tu, kwa hiyo aliyetangulia katangulia. Lakini tupige hesabu kidogo. Kila skili ina leveli 5. Kwa skili nyepesi kabisa kufika leveli ya 4 unahitaji pointi 45,255, kufika ya 5 unahitaji 256,000. Maana yake ukifika ya 4 umetumia chini ya moja ya tano ya muda, na faida umeshachukua nne kwa tano, kwa sababu kwa skili nyingi kila leveli inaongeza asilimia ile ile. Mkongwe akipanda frigeti, kale kameli kadogo ka vita, kama ya kwako anakuzidi kale kapande ka mwisho, basi. Skili zake zote za kuendesha mameli makubwa hazimsaidii kitu akiwa kwenye frigeti. Kinachokuua ni kwamba yeye kashavunjwa mara mia tano na anajua sekunde gani akimbie na sekunde gani abaki, na hicho Mhariri hakiuzwi kwenye sindano.

Na hiyo batoshipu yenyewe akishaipata ataifanyia nini? Mizinga ya batoshipu ni mikubwa lakini inageuka polepole, frigeti ikishaingia karibu ikaanza kumzunguka anapiga hewa tu, mwenye frigeti anamshika kwa kifaa kinachozima injini yake ya kuchomokea, anawaita wenzake, wanakula nyama taratibu. Nimeona mgeni anauliza kwenye chati "mbona sichomoki mbona sichomoki" mpaka maandishi yakakata. Bima inalipa bodi ya meli tu, mizinga na vifaa vyote ulivyofunga humo ndani vimekwenda, na kwenye batoshipu vifaa ndo vinaweza kuwa ghali kuliko bodi yenyewe.

Kwa hiyo mimi ningemwambia mgeni hivi. Mwezi wa kwanza usitoe hata senti. Tangu Novemba 2016 kuna akaunti ya bure wanaiita Alpha, unajifunza skili mpaka pointi milioni 5, na hizo ni nyingi mno kwa mtu ambaye bado anatafuta kitufe cha kusimamisha meli. Kama kuna rafiki anacheza jiunge kupitia linki yake ya mwaliko, unapewa pointi za ziada za kuanzia, usiingie kichwa kichwa ukazikosa. Halafu nenda kwa wale maajenti wa kazi, fanya kazi zao zote, za vita, za kuchimba madini, za biashara, za uchunguzi, hata usizozipenda, maana wanagawa meli na vifaa bure, na meli ya bure haiumi ikivunjwa. Ukimaliza kuna ile safari ndefu ya kazi za mfululizo ya Sisters of EVE, itakuzungusha himaya zote, ila karibu na mwisho kuna jamaa anaitwa Dagan, huyo anawatoa wageni jasho, usione aibu kuomba msaada kwenye chati ya wageni. Mimi nilijifanya mjuaji nikapoteza meli tatu kwake.

Kuchimba madini sitaki kulizungumzia sana, kuna wanaolipenda, mimi nasinzia.

Kitu ambacho makala yenu haikukigusa kabisa, na kwangu mimi ndo chenyewe hasa, ni koporesheni, yaani vikundi vya wachezaji. Ukianza unawekwa kwenye koporesheni ya kompyuta ambayo haina mwenyewe, kila mtu na lake, na wageni wengi wanakaa humo miezi wakidhani gemu ni ya kucheza peke yako halafu wanaondoka wakisema inaboa. Toka humo wiki ya kwanza. Kuna EVE University, ipo tangu 2004, kazi yake ni kufundisha tu, na wana maktaba yao mtandaoni ambayo hata sisi wakongwe tunachungulia kimya kimya. Kuna Brave, kuna Pandemic Horde, kuna KarmaFleet, hawa wanajulikana kwa kupokea wageni. Wengi wao wanakupa frigeti bure, na ukivunjwa kwenye msafara wa kikundi unafidiwa. Mgeni wa siku ya tatu akiwa na frigeti ya kumshika adui asichomoke anahitajika kuliko mkongwe aliyekuja na midude mikubwa, maana bila wa kushika adui anakimbia. Nakumbuka msafara wangu wa kwanza, watu kama arobaini kwenye sauti, kiongozi anataja jina la meli ya adui, mikono inanitetemeka mpaka mausi inagonga meza, nikabonyeza, nikamshika, nikafa sekunde nane baadaye. Kiongozi akasema vizuri sana kijana, tumempata. Nilikaa nacheka peke yangu chumbani kama chizi.

Halafu usiogope intaneti ya kusuasua au vidole vizito. Seva inapiga hesabu kwa sekunde nzima nzima, siyo gemu ya kuwahi kufyatua. Muda mwingi utakuwa unaangalia jedwali la majina na umbali pembeni ya skrini, wanaliita Ovavyu, na mgeni anayekaa saa nzima kulipanga hilo jedwali ametumia muda wake vizuri kuliko aliyekaa kuangalia mapicha ya nyota. Jingine la kuangalia ni orodha ya majina kwenye chati ya Lokali, inakuonyesha kila aliyeingia mfumo uliopo. Ila kwenye yale mashimo ya angani (wormhole) ya kupitia kwenda mifumo iliyofichika, yaliyoletwa mwaka 2009, uki­ingia huko Lokali haimwonyeshi mtu mpaka aandike kitu mwenyewe, na anayekuwinda hawezi kukuandikia salamu.

Utapeli nao. Ukifika Jita chati inashuka kama mvua, nitumie ISK (hela ya ndani ya gemu) nikurudishie mara mbili, mkataba wa bei poa, sijui nafunga akaunti nagawa mali zote. Wote hao wanataka kukuingiza mjini, na sheria za gemu zinaruhusu, ukilia hakuna wa kukurudishia. Mkataba usome namba mpaka mwisho, kuna aliyeandika milioni 1,000 mahali unapotegemea milioni 100, sifuri moja tu hiyo imekuhamisha. Kisichoruhusiwa ni kununua ISK kwa hela halisi kutoka kwa watu wa mtaani, akaunti inafungiwa. Njia halali ni PLEX, kama tiketi ya gemu yenyewe, unainunua kihalali unaiuza sokoni ndani ya gemu, au PLEX 500 unazigeuza mwezi mmoja wa Omega, ile akaunti ya kulipia. Siku ukiamua mwenyewe kwamba gemu unaipenda, sawa, nunua. Ila ununue ukijua unanunua nini.

Na msidhani kuzembea ni kwa wageni tu. Januari 2014 kwenye mfumo wa B-R5RB ankara moja ya umiliki wa mfumo haikulipwa, ankara tu, kama umesahau kulipa umeme, adui wakaona mwanya wakaingia. Wakapigana saa 21, wachezaji zaidi ya 7,000 walihusika, seva ikabidi ipunguze mwendo wa muda mpaka asilimia 10 ili iweze kuhesabu, na Titan 75 zikavunjwa, hizo ndo meli kubwa kuliko zote. Ukibadilisha kwa hela halisi ilikadiriwa kuwa zaidi ya dola 300,000 za Marekani. Sasa mwandishi wenu anataka mgeni akimbilie ukubwa, huko kwenye ukubwa ndo hasara ilipo.

Mimi siku hizi nafanya uchunguzi. Frigeti ya bei ndogo, vidude vya kutafutia, naenda mifumo isiyo na sheria kufungua makontena ya zamani kwa ule mchezo wa kudukua. Siku mzigo ukikubali unabeba mali yenye thamani mara kumi ya meli. Masharti ni mawili, kila baada ya sekunde chache unapiga skana ya mwelekeo, inaona mpaka kama AU 14 (AU moja ni umbali wa Dunia mpaka Jua), na ukiona chochote usichokielewa unachomoka, kontena liache hapo hapo. Nilikuwa nimebakiza kontena moja. Skana nimepiga, safi. Nikasema ngoja nimalizie hili. Akajitokeza kutoka kwenye kujificha kilomita mbili nyuma yangu, skana haimwoni aliyejificha, hilo nilikuwa nalijua na bado nikabaki. Nikafa.

Gemu ikikuua inakuletea ripoti ya kifo, nani kakuua, kwa silaha gani, ulikuwa umevaa nini, na hiyo ripoti ndo mwalimu wa bure ambaye wageni wanamfunga kwa hasira bila kumsoma. Mimi niliisoma, halafu nikamwandikia yule jamaa. Matusi kwanza, nikafuta, nikaandika tena kistaarabu, kaka nilikosea wapi. Akanijibu barua ndefu kuliko hii, kwamba alikuwa ananiangalia dakika kumi nzima, kwamba nilikuwa nakaa sehemu moja muda wote badala ya kuzunguka kontena, kwamba alishajua kontena la mwisho sitaliacha kwa sababu na yeye zamani alikuwa haliachi. Chini akaweka ISK za kununua frigeti kumi, akasema karibu tena.

Tisa zimeshavunjwa. Ya kumi naitoa usiku huu kwa hiyo Mhariri naishia hapa.

Ni mimi msomaji wenu,
Rubani wa frigeti