Salamu za Noeli kutoka nyumba ya Padri, Muheza

Wapendwa wetu mlioko Tanga mjini, Korogwe, Dar es Salaam, Unguja, na nyie mliovuka maji, Tumsifu Yesu Kristo!

Nawasalimu kwa niaba ya mume wangu, Padri wa Kanisa letu la Anglikana, pamoja na watoto na bibi yao. Sote tu wazima, tunamshukuru Mungu. Bibi macho yamepungua nuru, ila sala ya jioni haimpiti, na kila mjukuu aliye mbali anamtaja kwa jina lake la ubatizo. Ndiye aliyenihimiza niandike sasa, tungali katika Majilio, majuma ya kuingojea Noeli, kabla nyumba haijajaa watu. Vuli imenyesha vizuri, maembe yameanza kuiva, na njia ya kupanda milima ya Amani imekwisha kuwa utelezi kama ilivyo desturi yake mwezi huu.

Nina ombi moja kwenu, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: Noeli ya mwaka huu msiifunge tarehe 25 jioni.

Kwenye nyumba ya padri tunalijua hili hata tusipofundishwa. Tarehe 24 asubuhi Padri hutoka na Sakramenti kwenda kwa wagonjwa. Huanzia wodi za hospitali ya Teule, kisha huzunguka kwa wazee ambao miguu imewagomea. Anarudi jua limezama, anakula amesimama. Misa ya mkesha mtaani kwetu, yaani parokiani, tunaianza saa tatu usiku, hatungoji saa sita, kwa kuwa wapo akina mama wanaorudi kwa miguu hadi vijiji vya pembeni, watoto mgongoni. Usiku huo ndipo wimbo wa Utukufu unapoimbwa tena baada ya Jumapili nne za Majilio za kuunyamazia. Kengele zote zinapigwa, ubani unajaa kanisa, nguo ya zambarau inatoka altareni na nyeupe inaingia, na watoto wanasukumana kulifikia pango wamwone Mtoto akilazwa horini. Mimi hulia kila mwaka. Sijazoea, na naomba nisizoee.

Asubuhi kuna Misa ya pili, yenye ubatizo, halafu mnada wa sadaka nje chini ya mti. Aliyeleta jogoo, mkungu wa ndizi, kikapu cha muhogo au debe la mahindi, kitu chake kinanadiwa, na mara nyingi mnunuzi anakirudisha mezani kinadiwe tena. Kwetu mafuta ya pikipiki ya Padri, posho ya katekista, mishumaa na divai ya altare hutoka katika mikono hiyo hiyo. Anayeuona mnada ule kuwa ni mchezo wa sikukuu hajui kwamba bila huo kuna vijiji ambavyo padri asingefika mpaka Kwaresima.

Watoto wetu walipokuwa wadogo, siku ya Krismasi baba yao walimwona altareni tu. Binti yetu mkubwa aliniuliza siku moja kwa nini wenzake wanapanda basi kwenda kwa babu zao na sisi hatuendi popote. Nikamwambia sisi ndio tunaoendewa. Hakuridhika, na nilimpa haki yake. Watoto wa mapadri wanabebeshwa mambo ambayo hawakuyaomba: macho ya watu kanisani, maneno juu ya nguo zao, na baba ambaye ni wa kila mtu siku ambayo wangependa awe wao peke yao. Mkikutana nao sikukuu hii, huko mliko, wapeni mkono, waulizeni habari za masomo na michezo yao kama mnavyowauliza watoto wengine. Wengine wanangoja neno hilo mwaka mzima.

Kwa hiyo Krismasi ya familia yetu huwa tarehe 26, baada ya Misa ya Mtakatifu Stefano. Siku hiyo Padri huvua kanzu, hukaa jamvini na wanawe, na simu huzimwa hadi alasiri, isipokuwa kuna msiba.

Na tarehe 25 mchana? Mchana ule nyumba ni ya wasio na pa kwenda. Nyie mliokulia huku mnakumbuka. Muheza ni nchi ya mkonge, na mashamba yale yalivuta manamba, vibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, kutoka kusini, hata kutoka Msumbiji na Burundi. Wako ambao hawakurudi makwao tena. Wazee wenyewe karibu wamekwisha, lakini wajane wao wapo, na wajukuu ambao wakiulizwa kwao ni wapi wanasita kabla ya kujibu. Hao huja. Huja na wauguzi waliotoka zamu wakiwa na macho mekundu, wanafunzi wa bweni ambao nauli ya nyumbani iliwashinda, na kijana mgeni ambaye hakuna anayejua amepanga kwa nani. Hatuwaulizi. Tunaongeza maji kwenye birika na mkeka chini.

Mbuzi wa siku hiyo huchinjwa na jirani yetu Mwislamu, kama pwani yetu ilivyozoea, ili chakula cha sikukuu pasiwe na wa kukikataa. Ukoo gani wa Kibondei hauna shangazi aliyesilimu na mjomba anayeimba kwaya? Mke wake huja tangu alfajiri kunisaidia kuchambua mchele, na Idd mimi huwa jikoni kwake. Iliki na mdalasini ya pilau huteremka kutoka Amani na waumini wa huko, ikinukia tangu mlangoni. Bibi yeye pilau huionja tu kwa heshima. Hujapikiwa bada, ugali wetu wa muhogo, na samaki, kwake hujasherehekea.

Nyumba ya padri kuwa ya watu wasio na ndugu si jambo tulilolianzisha Padri na mimi. Ndiyo asili ya Kanisa letu upande huu. Askofu Tozer na Dakta Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walipohamia Unguja mwaka 1864, watoto wa kwanza waliolelewa pale walikuwa wavulana waliotolewa utumwani, waliokabidhiwa kwao na Sultani Majid. Watoto wale hawakuwa na mama wa kumrudia. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa Juni 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini, pale pale sokoni. Mwenye kwenda Unguja asikose kuingia kanisani humo. Steere, aliyelisimamia jengo lile na kututafsiria sehemu kubwa ya Maandiko, amezikwa nyuma ya altare. Kila mara nikiwaza tarehe waliyoichagua nasimama. Miezi sita tu iliyotangulia, mahali pale mtoto alitengwa na mamaye kwa bei. Wakaona siku ya kuanza kujenga ni siku ile Mungu mwenyewe alipokuwa mtoto mikononi mwa mama.

Kuna jambo jingine la historia hiyo ambalo wanawake wa mapadri tunapaswa kulijua. Wamishonari wa UMCA kwa kawaida walitumika bila wake zao au bila kuoa kabisa. Basi mtu wa vituo vyao vya Magila, huku kwetu Muheza, au Masasi kule kusini, aliyetaka kuona nyumba ya Kikristo yenye mume, mke na watoto hakuiona kwa Wazungu wale, pamoja na wema wao wote. Aliiona kwa walimu, mashemasi na mapadri Waafrika. Cecil Majaliwa, Myao aliyechukuliwa utumwani tangu utoto, alipewa upadri mwaka 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika katika misheni hiyo, naye alitumika Chitangali kule kusini akiwa na mke na watoto. Vitabu vinamweleza yeye, na ndivyo ilivyostahili. Mimi namuwazia mkewe. Namuwazia asubuhi ya Noeli huko Chitangali, mumewe yuko kanisani, watu wanaingia uani, na yeye anapima unga kwa macho ajue utawatosha wangapi. Hakuna aliyeandika habari ya unga ule. Lakini watu waliokula nyumbani mwake walijifunza kitu juu ya Injili ambacho mahubiri peke yake yasingewafundisha, na ninaliamini hilo kwa moyo wangu wote.

Sasa nirudi kwenye ombi langu. Wengi mliohamia mijini mmezoea mitaa yenye mapadri wawili au watatu, Misa zinapangwa kwa saa, na tarehe 25 saa sita mchana kila mtu amekwisha kukomunika. Huku padri ni mmoja na vituo vya ibada ni vingi. Katekista anaongoza Sala za Asubuhi, anasoma Injili, anafundisha, na wengine wanafundisha vizuri sana, lakini Misa hawezi kuisoma. Kwa hiyo waumini wa vituo vya milimani wanaamka siku ya Krismasi, wanavaa vizuri, wanaimba Noeli mbele ya pango walilolijenga kwa mianzi na majani ya migomba, wanarudi nyumbani bila Komunyo. Mwili na Damu ya Bwana vinawafikia baadaye, Padri akishapanda. Mwaka mwingine ni tarehe 27, mwaka mwingine ni mwaka mpya umekwisha kuingia, kwa kutegemea mvua na hali ya pikipiki.

Wale watu hawanung'uniki. Pango lao halibomolewi hadi Padri afike, hata kama majani yamenyauka. Wanajua kalenda ya Kanisa kuliko sisi wa mjini, ambao tarehe 26 tunaanza kuhesabu ada za shule kana kwamba hakuna aliyezaliwa. Noeli ni siku kumi na mbili, inakwenda hadi mkesha wa Epifania, sikukuu ya Mamajusi inayoangukia tarehe 6 Januari. Mamajusi nao walikuja wamechelewa, na hawakufukuzwa.

Tena katika siku hizo kumi na mbili Kanisa limeweka mambo mazito makusudi. Kesho yake tu ya Krismasi ni shahidi Stefano, aliyepigwa mawe. Tarehe 27 ni Mtakatifu Yohana, na tarehe 28 ni watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Padri alipoanza kazi hapa, Misa ya tarehe 28 ilikuwa na watu wachache mno. Siku hizi akina mama waliofiwa na watoto huja, wengine kutoka mbali, na wengine hata si wa Kanisa letu. Anayetaka huwasha mshumaa karibu na pango na kumtaja mtoto wake, hata yule ambaye hakuwahi kupewa jina. Wapo waliokaa miaka bila kuruhusiwa kulia, kwa sababu waliambiwa mtoto mchanga haombolezwi. Wanalia siku hiyo, mbele ya Mtoto mwingine, na hakuna anayewanyamazisha. Kama kuna ibada moja ya msimu huu ambayo ningewaomba muianzishe huko mliko, ni hiyo. Nendeni mkamuulize padri wenu. Haina gharama.

Baada ya hapo zinaanza ndoa, maana katika Majilio mtaani kwetu hatufungi ndoa, na waliotangazwa wote wanasubiri foleni. Mwaka huu zipo za kutosha, kwaya imeshakauka koo kwa mazoezi. Majina mtayasikia kwa wazazi wao.

Basi, mnaokuja nyumbani kwa likizo, msiondoke tarehe 26 na basi la kwanza. Padri atapanda milimani tarehe 27 mvua ikiruhusu, akilala huko kituo kwa kituo, na nafasi ya kuandamana naye ipo kwa mwenye miguu. Umoja wa Akina Mama watapeleka mchele, sukari, sabuni na daftari za watoto wanaofungua shule Januari. Mnaotuma mchango wenu kwa simu, tunawashukuru sana; mwaka huu uandikeni kwamba ni wa vituo, ili usimezwe na shughuli za hapa kanisani. Na nyie mlio mbali kabisa, ambao hamwezi kuja wala hamna cha kutuma, mpigieni simu mtu mmoja ambaye Noeli haijamfikia: mjane, mfiwa, ndugu mliyekosana naye. Mpigieni tarehe 29, au tarehe 2, siku ambazo simu za heri zimekwisha kukatika.

Bibi anasema mje na khanga, si lazima iwe ya bei. Padri anawabariki. Watoto wanauliza kama binamu zao wa Dar es Salaam watakuja na mpira. Mlango uko wazi hadi Epifania, na hata baada yake.

Heri ya Noeli, na mwaka mpya wenye amani kwenu nyote.

Mama Padri na familia,
Muheza